Kidole Kinapokwama

Siku ya kwanza niliyokanyaga kibanda cha Bu (yaani Mama) Wuryanti nilikwenda kumtilia mchanga kitumbua chake. Naona heri niliseme hilo mapema, maana siku hizi watu wa mabasi wananisifu kwamba mimi ndiye niliyemtetea. Sikumtetea mtu. Niliendesha pikipiki kutoka Ungaran hadi Wonogiri nikiwa nimefura kwa hasira, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia, nikipata neno kali zaidi natupa lile la kwanza.

Mimi naitwa Prasojo. Mchana napiga rangi mabasi kwenye karakana ya kuunda mabodi. Nikirudi nyumbani nayachora mabasi yaleyale kwenye kompyuta, taa kwa taa, nati kwa nati, ili watu wayaendeshe kwenye mchezo wa simu. Mchezo huo kwetu Java si wa watoto peke yao. Ukimwona mwanamume mzima amekaa kibarazani, simu kaishika kwa mikono miwili na mwili unamwinama kila penye kona, jua yuko njiani kwenda Jakarta na ana abiria hamsini nyuma yake. Ila mchezo wenyewe unakuja na mabasi machache yasiyo na sura. Mabasi ya kweli, yale tunayoyatambua kwa honi kabla hayajatokeza, tunayaunda sisi wenyewe na kuyachomeka ndani ya mchezo. Tunayaita modi. Waundaji tulikuwa sitini na mmoja kwenye kundi letu, na mimi nilikuwa msimamizi wao.

Kuiweka modi kwenye simu ilikuwa shughuli pevu. Unapakua faili, unakuta limefungwa kwa nenosiri. Nenosiri limefichwa ndani ya video ya aliyelitengeneza basi, kwa sekunde mbili tu, pembeni kabisa, kwa maandishi ya mchwa, makusudi ili uitazame video yote. Ukilifungua faili, unalihamishia kwenye folda ya mchezo, na simu mpya zinaificha folda hiyo. Halafu unabadili jina, unafuta la zamani, unazima, unawasha. Mimi nilihesabu hatua kumi na nne. Na kabla ya zote, chini ya video, unaandika: "Hodi, fundi, naomba nivute." Hiyo ndiyo adabu yetu tangu mwanzo, mtu havuti, yaani hapakui, basi la mwenzake kimyakimya. Asubuhi nilikuwa nikiamka nakuta hodi mia mbili, mia tatu, nazisoma zote na chai yangu, kisha nakwenda kazini kifua mbele.

Waliokwama nao waliniandikia, wakiniita Mas, yaani kaka. "Mas, basi halionekani." "Mas, kioo kimekuwa cheusi." Jibu langu nilikuwa nimeliandika mara moja nikawa nalinakili tu: Soma maelekezo. Jifunze mwenyewe, mimi hakunifundisha mtu. Sikuwa natania. Niliona zile hatua kumi na nne ni chujio, mwenye nia atapita na mvivu atabaki. Mwenzangu Gandung wa Kudus, mkali kuliko sisi wote, alikuwa akisema mtu asiyeweza kuhamisha faili asipewe hata baiskeli, atagonga kuku wa watu.

Ndipo kikatokea kitufe. Kilikuwa kiprogramu kidogo tu. Unachagua basi, unabonyeza, kinafanya yote mbele ya macho yako, kikikueleza kwa maneno ya kawaida kila kinachofanya. Nenosiri kinalijua. Folda iliyofichwa kinaijua. Katika mwezi mmoja, watu waliovuta mabasi yangu waliongezeka mara tano, na hodi zikafa. Wiki moja nilipata hodi nne, na mojawapo ilikuwa ya shemeji yangu.

Kundini palichafuka. Gandung alikuwa ameshapata kufuli jipya la kufungia mafaili, ambalo kitufe hakiliwezi. Tukilitumia wote siku moja, kitufe kimekufa. Kila mtu akakubali, wakabaki kumsubiri msimamizi. Nikawaandikia: "Nimemjua mwenyewe. Ni mama mmoja mwenye kibanda cha simu kando ya stendi ya Wonogiri. Nitakwenda nimwambie usoni akiondoe. Jumapili alasiri nawapa neno. Nikisema tufunge, Jumatatu tunafunga."

Kibanda chenyewe kilibanwa kati ya muuza bakso, supu ya vipira vya nyama, na ajenti wa tiketi. Ndani palikuwa na kabati la kioo lenye vocha na chaja, kompyuta moja nzee, mashine ya kuchapia, na benchi. Mwanamke wa kama miaka hamsini, miwani yake imefungwa kwa raba nyuma ya kichwa, alikuwa amekaa benchini kando ya mzee mmoja. Nilichokiona kwanza ni mikono yake. Alikuwa ameikalia. Viganja vyote viwili viko chini ya mapaja, kama mtoto aliyeambiwa asiguse sahani ya wageni.

Mzee alikuwa Pak (yaani Baba) Marsudi, kondakta mstaafu. Simu ilikuwa mkononi mwake mwenyewe, na kidole chake kinene kilikuwa kinazunguka juu ya kioo.

"Sasa hapa, Bu, nibonyeze wapi?"

"Mimi nitajuaje, Pak? Simu si yako?"

"Ah! Si ndiyo maana nimekuja kwako?"

"Hebu soma, kinakwambiaje?"

Mzee akaisogeza simu mbali na macho. "Kinasema, 'Vizuri, Pak. Basi limeshafika, bado kulifungulia mlango.'"

"Haya. Basi lifungulie mlango. Au abiria wa Baturetno wangoje mpaka lini?"

Pak Marsudi akabonyeza. Kioo kikawaka, basi la kijani likajitokeza limeegeshwa stendi, na mzee akapiga honi ya kwanza kwa nguvu mpaka muuza bakso akachomoza kichwa. "Jamani, tupisheni njia! Mzee kapewa basi tena!"

"Sikupewa," Pak Marsudi akamjibu. "Nimelileta mwenyewe. Mikono yake Bu alikuwa ameikalia muda wote, shahidi ni huyu kijana."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Bu Wuryanti akaniangalia. "Karibu, Mas. Simu imefanya nini?"

"Simu yangu haina neno. Ibu ndiye mwenye kile kitufe?"

"Ndiye mimi."

Nikayamwaga yote. Nilimwambia anawaharibu watu, kwamba mtu mzima anasoma, anakosea, anarudia, na hapo ndipo anapojifunza, lakini yeye anawatafunia chakula na kuwawekea mdomoni. Nilimwambia baada ya miaka mitano hapatakuwa na hata mmoja anayejua faili lake limekaa wapi. Nilisema sana. Pak Marsudi alipunguza sauti ya mchezo ili anisikie vizuri.

Yeye hakubishana hata kidogo. Aliposikia nimemaliza akasema, "Kumbe. Wewe unaijua ile njia ya zamani?"

"Vizuri sana."

"Basi hebu niwekee basi moja kwa njia hiyo. Siku nyingi sijamwona mtu anayeijua vizuri, ningependa kuangalia." Akatoa simu mpya kabatini, ya kuuza, akanipa. "Chagua lolote." Kisha akakaa, akaingiza mikono chini ya mapaja.

Nikachagua basi langu. La bluu, nililolitengeneza kwa miezi minne, ambalo watu wengi wanasema ndilo bora nililowahi kuunda. Yeye hakujua kama ni langu, na nilitaka ajue mwishoni, nikishamaliza, ili limchome vizuri.

Faili likashuka. Likaomba nenosiri. Nami, niliyelitunga nenosiri hilo miezi minane nyuma, nikakuta kichwa kitupu. Nilijaribu jina la mke wangu. Nikajaribu jina la karakana, kisha tarehe ya kuzaliwa mwanangu, kisha jina la mke wangu kwa herufi kubwa.

"Si uitazame video, Mas," Pak Marsudi akasema kwa upole. "Nadhani ndivyo wanavyotaka wenyewe."

Sikuwa na njia nyingine. Nikaifungua video, na kibanda kizima kikajaa sauti yangu: "Halo halo, ndugu wapenzi wa mabasi, leo tunazungumzia ekseli!" Pak Marsudi akaiangalia simu. Akaniangalia mimi. Akaiangalia simu tena.

"Mas, huyu mbona sauti yake kama yako?"

Video ilikuwa ya dakika ishirini na mbili. Sijawahi kujisikia nikiongea muda mrefu vile, na sijawahi kujichukia vile. Nenosiri likapita kwenye dakika ya kumi na saba, nikalikosa, nikarudisha nyuma. Nilipolifungua faili nikaenda kuitafuta folda ya mchezo, na haikuwapo. Simu ninayotumia nyumbani ni ya zamani, huko kila kitu kiko wazi. Kwenye hii niliingia chumba baada ya chumba, kama mtu aliyepotea kwenye nyumba ya wakwe, nisikute kitu. Mwisho kidole changu kikasimama hewani, kikabaki palepale.

Nikasikia kalamu inaandika. Bu Wuryanti alikuwa ametoa daftari la shule, lenye jalada la maua.

"Unaandika nini?"

"Kidole chako kimesimama dakika sita, Mas. Na macho yako yanatafuta juu kushoto. Watu waliozoea simu za zamani hutafuta juu kushoto." Alisema hivyo bila kejeli, kwa furaha kabisa ya mtu aliyepewa zawadi. "Asante. Wa aina yako hawaji hapa."

Nikaomba nione daftari. Akanipa, na nilipoonyesha nataka jingine akafungua chini ya kabati. Yalikuwa yamepangwa kwa safu, mamia. Kila ukurasa una mtu mmoja. Hakuna jina, ila alama tu: mama wa mboga, dereva, mwalimu mstaafu, mtu mwenye hasira. Chini yake mchoro wa kioo cha simu kwa penseli, na duara dogo jekundu pale kidole kilipokwama. Pembeni, muda. Pembeni tena, maneno waliyosema wenyewe. "Hapa naogopa." "Hili neno kama linanitukana." "Nikibonyeza hapa picha za mama yangu zitafutika?"

Nilikaa chini. Mimi nilikuwa nimeandikiwa na watu waliokwama kwa miaka kumi na miwili, maelfu yao, na sikuwa nimebakiza hata mmoja kichwani. Yeye alikuwa nao wote.

Habari zake nilizipata siku ile, nyingine kwa mdomo wake na nyingine kwa Pak Marsudi, ambaye alikuwa amesahau basi lake kabisa. Alizaliwa Pracimantoro, kwenye mawe ya chokaa, baba yake akichoma chokaa. Alimaliza sekondari, akaolewa na Pak Wagiman fundi wa pancha, ambaye hadi leo yuko upande wa pili wa barabara na tairi lake. Kibanda alikifungua kuuza vocha. Simu za kioo zilipokuja, watu wakaanza kumletea matatizo, naye akayatatua kama wafanyavyo wote wenye vibanda: anainyakua simu, vidole vinakwenda mbio, anairudisha, tayari.

"Kuna baba mmoja alikuwa anauza majani ya ndizi," alinisimulia. "Anataka basi, namwekea. Kesho yake mchezo umejisasisha, basi limetoka, anarudi. Namwekea. Alirudi mara kumi na tatu. Ya kumi na nne akasimama pale mlangoni, hakuingia. Akasema, 'Bu, leo sikuja kuwekewa. Nimekuja kukwambia kwamba unanifanya mjinga. Hapa kwako nina basi, nyumbani kwangu sina.' Akaondoka. Nilijisikia vibaya sana, Mas. Tangu siku ile sijagusa simu ya mtu."

Alijaribu kuwafundisha zile hatua kumi na nne, mmoja mmoja, kwa subira. Wengi walishindwa, naye akaanza kuandika wanashindwa wapi. Madaftari yalipofika arobaini akaona jambo ambalo sisi sitini na mmoja hatukuliona: hawakuwa wanashindwa kwa uvivu. Walikuwa wanakwama mahali palepale, wote, mwalimu na muuza mboga. Tatizo lilikuwa njia.

Basi akaamua kujifunza kuandika programu. Nilipomwuliza nani alimfundisha alishangaa swali. Kulikuwa na masomo ya bure kwenye mtandao, kwa Kiingereza, naye Kiingereza hakijui, kwa hiyo alikuwa na kamusi. Anasoma mstari, anaingia mteja wa vocha, anaacha, anarudi. Na kompyuta ya kibanda haikuwa huru kamwe, mchana kutwa inachapa fomu na barua za watu. Inakuwa huru Ijumaa tu, saa ya sala, wanaume wote wakiwa msikitini na stendi imetulia. Kwa hiyo wiki nzima alikuwa anaandika programu yake kwa kalamu, kwenye daftari, mstari kwa mstari, mabano kwa mabano. Ijumaa anaichapa. Anapata saa moja, ikizidi sana saa moja na robo. Ikikataa, anaandika imekataa wapi, anafunga, anafikiri mpaka Ijumaa nyingine.

Miaka mitatu ya Ijumaa.

Aliniletea na hayo madaftari. Niliyafungua moja moja. Kurasa na kurasa za mwandiko wa mama wa nyumbani, wa kulala kidogo upande wa kulia, safi, na makosa yamekatwa kwa rula. Mimi nilijigamba mjini na vijijini kwamba hakunifundisha mtu. Nilikuwa na kaka mwenye kompyuta. Nilikuwa na mtandao wa chuo, na rafiki kila kitanda cha bweni. Huyu hakuwa na chochote ila Ijumaa, na alijifunza yote yale ili Pak Marsudi asilazimike kujifunza. Nilimtazama, ameshika miwani anaifuta kwa upindo wa hijabu, nikahisi ninavyohisi karakanani basi zima linapotoka kwenye chumba cha rangi kwa mara ya kwanza na wote tunanyamaza.

"Na manenosiri?" nikamwuliza. "Umeyapataje? Yako mia nne na kitu."

"Nimezitazama video, Mas. Zote." Akasita. "Ile yako ya ekseli niliirudia mara mbili. Unaeleza vizuri, ila ukianza kuwasema watu wasiosoma maelekezo unachelewesha."

Pak Marsudi akajifanya anakohoa.

Hasira yangu ilikuwa imekwisha, lakini maumivu yalikuwapo, na nikaona nisipomwambia nitarudi nayo. "Bu, mimi nimekuelewa. Lakini hodi je?"

"Hodi gani?"

Nikamweleza. Nilimwambia kuhusu yale maneno chini ya video, jinsi kila mtu alivyokuwa anaomba ruhusa, na jinsi kitufe chake kinavyokwenda moja kwa moja kwenye faili bila kupita pale. Nikamwambia kuhusu zile hodi nne.

Bu Wuryanti akavua miwani. Akafunua kurasa za daftari mpaka basi moja likatoka stendi na jingine likaingia.

"Hakuna aliyekwama hapo," akasema mwisho. "Miaka yote hii, kidole hakijasimama kwenye hodi hata mara moja. Wanaandika tu, wanapita. Mimi naandika panapokwama, Mas. Hapo sikuwahi kuangalia." Uso ulikuwa umemshuka. Kwetu sisi, mtu kuingia nyumba ya mtu bila hodi, hata mlango ukiwa wazi, ni jambo ambalo mama yake ataambiwa. "Kwa hiyo muda wote huu nimekuwa nawapitishia watu dirishani kwenu."

Akanyoosha mkono akachukua simu yake, akafungua pale anapokitunzia kitufe, na gumba lake likasimama juu ya alama ya kufuta. "Nikiondoe, Mas? Niambie tu, nakiondoa sasa hivi."

Hicho ndicho nilichokwenda kukitafuta. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu.

"Usikiondoe," nikasema, na nilishtuka nilivyosema kwa haraka. "Bu, tafadhali. Toa kidole hapo."

Akakitoa. Akavuta daftari jipya, akachora kioo cha simu, na katikati ya njia akachora mlango. Kitufe kikifika hapo kinasimama. Kinaonyesha jina la aliyeliunda basi, na mstari mtupu. Usipoandika kitu, hakiendelei.

"Wataandika nukta," nikamwambia. "Nawajua."

"Waandike nukta. Hata majumbani wengine hawasemi hodi, wanakohoa tu mlangoni, na tunawafungulia."

Adhana ya alasiri ikasikika, na simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni. Kundi lilikuwa linangoja neno. Nikaandika: "Nimemwona. Tusifunge. Ataweka mahali pa hodi kabla basi halijaingia."

Gandung alijibu kabla sijaiweka simu chini. "Kakununulia bakso ukalainika? Hodi ya kulazimishwa si hodi. Sababu, msimamizi! Kama huna sababu, kesho tunafunga." Chini yake vidole gumba vya kumuunga mkono vikajipanga, ishirini, ishirini na tano, thelathini.

Nilianza kueleza habari za madaftari na za Ijumaa. Mmoja akaandika kwamba ni hadithi nzuri, ila kufuli liko tayari. Nilikuwa na sababu moja tu ambayo wasingeweza kuijibu, na sikutaka kuitumia. Jina langu mle ndani limejengwa kwa miaka kumi na miwili. Karakanani mimi ni mpiga rangi mmoja kati ya tisa, na mle ndani mimi ni Prasojo.

Bu Wuryanti aliona nimeganda. Alikuja na glasi ya chai, akaiweka kando yangu. "Usijisumbue sana, Mas. Wakifunga, nitaanza tena kuangalia."

Alisema hivyo bila kujionea huruma. Alimaanisha ataanza tena, daftari la kwanza, Ijumaa ya kwanza. Nikaandika:

"Leo mchana nimeshindwa kuliweka basi langu mwenyewe kwenye simu. Lile la bluu. Nenosiri nililificha mimi na nimelisahau. Nimekaa nikijitazama mwenyewe dakika ishirini na mbili mbele ya kondakta mstaafu. Halafu folda sikuiona, na hadi sasa sijui iko wapi. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu wasome maelekezo. Yale maelekezo niliyaandika mimi, na hayasaidii. Nimeumbuka, na ninastahili. Msifunge."

Nikatuma. Kundi la watu sitini na mmoja, ambalo halijawahi kunyamaza hata saa ya futari, likanyamaza.

Kisha ikaonekana kwamba Gandung anaandika. Akaacha. Akaanza tena, akaacha. Nikajua anatafuta tusi la kunizika nalo.

"Tangu nibadili simu," akaandika, "sijaendesha basi langu hata moja. Mwaka wa pili huu. Nayaunda, nayapandisha, halafu naangalia video za watu wakiyaendesha. Ningemwuliza nani? Mimi ndiye Gandung."

Wengine nao wakaanza kumiminika. Mmoja huwekewa na mkewe. Mmoja alikuwa anakitumia kitufe tangu mfungo na alikuwa amepiga kura ya kukifunga. Mmoja aliandika "na mimi" tu, na mwingine chini yake "na mimi," na mwingine. Sikuweza kuzisoma zote, macho yalikuwa yananisumbua. Nikampa Bu Wuryanti simu asome mwenyewe, na Pak Marsudi akasogea kuchungulia begani kwake.

Alisoma mpaka mwisho, polepole, bila kuruka mtu. Nilidhani atacheka, au atalia, au atasema walau alhamdulillahi kwamba kazi yake imepona.

"Huyu Gandung," akasema. "Amekwama wapi?"

"Sijui, Bu."

"Miaka miwili, maskini. Muulize basi."

Nikachukua simu, nikamwandikia Gandung lile swali ambalo katika miaka kumi na miwili sikuwahi kumwuliza mtu yeyote. Hapohapo akaanza kuandika.